Lars Leksell: Daktari aliyetaka kutibu ubongo bila kupasua fuvu

Mara nyingi mgonjwa wa aina hii huanzia kwa daktari wa meno. Maumivu yanampiga upande mmoja wa uso, kwenye taya au shavuni, kama mtu aliyeguswa na waya wa umeme ulio wazi. Yanadumu sekunde chache, yanatulia, halafu yanarudi. Jino linang'olewa, maumivu yanabaki palepale. Linang'olewa la pili, hali ni ileile. Wapo waliopoteza meno kadhaa mazima kabla ya kuambiwa kwamba meno yao hayakuwa na kosa lolote, na kwamba kinachouma ni neva ya tano ya kichwa, ile inayopeleka ubongoni hisia zote za uso.

Neva hiyo ina matawi matatu: moja la kipaji cha uso na jicho, la pili la shavu na taya ya juu, la tatu la taya ya chini. Kwa kitaalamu ugonjwa wake huitwa neuraljia ya trijemina. Wengi wanaoupata wamevuka umri wa miaka 50, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Kinachoyaamsha maumivu ni mambo ya kawaida kabisa ya kila siku: kunawa uso, kupiga mswaki, kunyoa ndevu, kutafuna, kuzungumza, hata upepo ukipita shavuni. Kuna wagonjwa wanaoacha kula kwa kuogopa kutafuna, na zamani, dawa zilipokuwa hazijapatikana, kuna walioona heri kufa.

Leo mgonjwa wa namna hiyo ambaye dawa zimemshinda anaweza kulazwa kwenye kitanda cha mashine, akapigwa mionzi kwa muda wa saa moja hivi, akarudi nyumbani siku hiyohiyo bila kidonda. Wazo hilo lilianza na mtu mmoja, daktari wa Sweden aitwaye Lars Leksell, aliyefariki dunia mwaka 1986. Maumivu ya uso ndiyo yaliyokuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kabisa aliyoyalenga. Kwamba mashine yake ilikuja kupata sifa kwa kutibu vitu vingine, na kwamba ilichukua muda mrefu kurudi vizuri kwenye maumivu hayo, ni sehemu ya maisha yake ambayo wanaomsifu huipita haraka.

Katika wodi ya Olivecrona

Leksell alizaliwa tarehe 23 Novemba 1907 karibu na mji wa bandari wa Gothenburg, magharibi mwa Sweden. Alisomea udaktari katika taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, na mwaka 1935 akaanza kujifunza upasuaji wa ubongo katika hospitali ya Serafimer chini ya Herbert Olivecrona, mtu aliyeujenga upasuaji huo nchini humo karibu kutoka sifuri.

Ni vigumu leo kupata picha ya kazi ile ilivyokuwa. Hapakuwa na CT scan wala MRI. Daktari alikisia mahali penye uvimbe kwa kumchunguza mgonjwa, na kwa kuingiza hewa kwenye vyumba vya maji vya ubongo kisha kupiga picha ya eksirei. Upasuaji ulichukua saa nyingi, mara nyingi mgonjwa akiwa macho, ametiwa ganzi ya sehemu tu. Mwaka 1936 Olivecrona alimfanyia hivyo mwandishi maarufu wa Hungary, Frigyes Karinthy, ambaye baadaye aliandika kitabu kizima juu ya yaliyompata. Karinthy alikuwa mmoja wa waliobahatika. Wagonjwa wengi wa zama zile waliofunguliwa fuvu hawakutoka hai, au walitoka wakiwa na ulemavu.

Maumivu ya uso nayo yalikuwa sehemu ya kazi za wodi hiyo. Njia zilizokuwepo zilikuwa za kikatili, hata kama zilifanywa kwa nia njema: kudunga pombe kali kwenye neva ili kuiua, au kufungua fuvu na kuikata. Mwenzake Leksell katika kliniki hiyo, Olof Sjöqvist, alibuni katika miaka ya 1930 namna ya kukata njia ya maumivu ndani ya shina la ubongo lenyewe, akiacha hisia ya mguso. Yalikuwa maendeleo makubwa. Lakini bado mtu alilazimika kufunguliwa kichwa kwa ajili ya ugonjwa ambao wenyewe hauui.

Hapo ndipo palipomkera Leksell. Aliona kwamba vifaa vya mpasuaji vilikuwa vinene kupita kiasi ukilinganisha na kile kinachoguswa, na kwamba madhara mengi yalitokana na njia ya kufika mahali husika kuliko tiba yenyewe.

Vita vya Finland, na neva ndogo

Majira ya baridi ya mwaka 1939, Umoja wa Kisovieti uliivamia Finland. Leksell alikwenda huko kwa kujitolea kama daktari mpasuaji. Alikuta askari waliopigwa risasi na vipande vya mabomu kwenye uti wa mgongo, na kazi ya kuondoa mfupa ili kufikia risasi ilikuwa ngumu na ya kuchosha mikono. Kutokana na taabu hiyo alibuni koleo la kukatia mfupa lenye viungo viwili, ambalo hubana kwa nguvu nyingi bila mkono kutumia nguvu nyingi. Koleo hilo lina jina lake mpaka leo na liko kwenye seti za vifaa vya upasuaji duniani kote. Mpasuaji wa mifupa wa Dodoma au Kisumu huenda amelishika mara mia bila kujua lilitoka kwenye baridi ya vita vya Finland.

Baada ya hapo alikaa kwa muda katika maabara ya Ragnar Granit mjini Stockholm, mwanasayansi ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel. Tasnifu yake ya udaktari wa falsafa ya mwaka 1945 ilionyesha kazi ya nyuzi nyembamba za neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo na kurekebisha vipima-mvuto vilivyo ndani ya misuli. Nyuzi hizo huitwa kwa herufi ya Kigiriki gamma. Kwa hiyo jina la Leksell limefungamana na gamma mara mbili, kwa mambo mawili yasiyohusiana hata kidogo, na hilo huwachanganya wanafunzi wa udaktari. Wapo wanaosema kwamba angekuwa maarufu kwa utafiti huo peke yake kama angeendelea nao.

Hakuendelea. Mwaka 1946 alipewa idara ya upasuaji wa ubongo katika mji wa chuo kikuu wa Lund, kusini mwa nchi.

Fremu kama gurudumu la baiskeli

Mwaka 1947 madaktari wawili wa Philadelphia, Spiegel na Wycis, walitangaza kwamba wametengeneza kifaa cha kufungia kichwa cha binadamu na kuongoza sindano hadi kwenye sehemu maalumu ndani ya ubongo kwa vipimo vya kihesabu. Leksell alisafiri kwenda Marekani kuwaona. Aliporudi alitengeneza cha kwake, na mwaka 1949 akakichapisha.

Ubora wa kifaa chake ulikuwa katika urahisi wake. Fremu inafungwa kwenye fuvu kwa skrubu. Juu yake unakaa upinde wa nusu duara. Daktari anapima mahali anapopataka ndani ya ubongo kwa namba tatu, kisha anausogeza upinde mpaka mahali hapo panakuwa katikati kabisa ya duara lake. Kuanzia hapo, sindano ikiingizwa kutoka pembe yoyote ya upinde, itafika palepale, kama spoki zote za baiskeli zinavyoelekea katikati ya gurudumu. Mtangulizi wake alihitaji hesabu upya kila alipobadili pembe. Leksell hakuhitaji.

Kutoka kwenye picha ya spoki hadi kwenye wazo lililofuata ni hatua moja tu. Kama sindano inaweza kuja kutoka pembe yoyote na kufika mahali pamoja, basi kwa nini iwe sindano? Miale ya eksirei haihitaji tundu. Mwale mmoja dhaifu ukipita kwenye ubongo hauleti madhara makubwa. Lakini miale mingi dhaifu, kila mmoja ukipita njia yake, ikikutana mahali pamoja, hapo panapata kipimo kikubwa cha kutosha kuunguza tishu. Mwaka 1951 aliandika makala fupi yenye wazo hilo na kulipa jina jipya, upasuaji wa mionzi.

Wenzake wengi hawakulitilia maanani. Mionzi ilikuwa kazi ya idara nyingine, ya saratani, tena ilitolewa kidogokidogo kwa wiki nyingi. Leksell alikuwa anazungumzia kipimo kimoja kikubwa, siku moja, kwa ugonjwa ambao si saratani.

Wagonjwa wawili wa mwaka 1953

Mwaka 1953 alifunga mrija wa eksirei kwenye upinde wa fremu yake na kuelekeza mionzi kwenye fundo la neva ya tano, mahali yale matawi matatu yanapoungana kabla ya kuingia ubongoni. Walikuwa wagonjwa wawili wenye neuraljia ya trijemina.

Fundo hilo lilikuwa chaguo la busara kwa zama zake. Neva haionekani kwenye eksirei, lakini fundo limekaa kwenye kijishimo cha mfupa chini ya fuvu, na mfupa unaonekana. Mtu anaweza kupima kutoka kwenye mfupa.

Maumivu yalipotea kwa wote wawili, si siku hiyohiyo, bali baadaye. Cha ajabu ni kwamba Leksell hakukimbilia kuchapisha. Taarifa kamili ilitoka mwaka 1971, wakati wagonjwa hao walikuwa wamekaa zaidi ya miaka 15 bila maumivu kurudi. Unaweza kusema huo ni uvumilivu wa kisayansi, na kwa sehemu ni kweli. Lakini wagonjwa wawili ni wawili tu, na ugonjwa huu una tabia ya kutulia wenyewe kwa miezi au hata miaka. Mtu mkali angeuliza kama mionzi ndiyo iliyofanya kazi yote. Leo, baada ya maelfu ya wagonjwa, tunajua kwamba inafanya kazi. Mwaka 1971 ilikuwa halali kabisa kutoamini.

Katika miaka hiyohiyo ya Lund alikuwa na shughuli nyingine pia. Madaktari wa moyo wa hapo walikuwa wameanza kutumia mashine ya viwandani ya kupimia nyufa za chuma kwa mawimbi ya sauti, wakaielekeza kwenye moyo. Leksell aliielekeza kichwani, na akaonyesha kwamba mwangwi unaweza kufichua kama mstari wa kati wa ubongo umesogezwa na damu iliyovuja baada ya mtu kuumia. Kabla ya CT scan kuja, njia hiyo ilitumika hospitali nyingi.

Protoni, halafu kobalti

Eksirei za wakati ule hazikuwa na nguvu ya kupenya vizuri hadi kwenye kina cha ubongo. Leksell aligeukia Uppsala, ambako mwanafizikia Börje Larsson alikuwa akifanya kazi kwenye mashine kubwa ya kuharakisha chembe za protoni. Pamoja walijaribu kwa wanyama, kisha kwa wagonjwa wachache. Mwaka 1958 walichapisha matokeo ya kuonyesha kwamba mwale wa protoni unaweza kuacha alama ndogo, yenye kingo safi, ndani kabisa ya ubongo, bila kuharibu vilivyo pembeni.

Ilifanya kazi, ila haikuwa na maana kwa hospitali ya kawaida. Mashine ya Uppsala ilikuwa ya wanafizikia, ilihitaji jengo lake na mafundi wake, na mgonjwa alilazimika kupelekwa huko. Leksell, ambaye mwaka 1960 alirudi Stockholm kurithi kiti cha Olivecrona kama profesa wa Karolinska, alitaka kitu ambacho daktari mpasuaji angeweza kukiendesha mwenyewe katika hospitali yake.

Jibu lilikuwa kobalti 60, madini yenye mionzi ambayo tayari yalitumika kutibu saratani. Hayahitaji umeme wala mtambo wa kuharakisha chembe. Yanatoa mionzi ya gamma muda wote, yawe yanatumika au la, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na ushei. Wahandisi walipanga vipande 179 vya kobalti ndani ya kofia nzito ya chuma, kila kimoja na tundu lake jembamba, na matundu yote yakielekea sehemu moja katikati. Fikiria tochi 179 hafifu zinazomulika kutoka pande zote za chumba na kukutana kwenye punje moja ya mchele.

Mashine ya kwanza iliwekwa katika hospitali ya Sophiahemmet mjini Stockholm, na mgonjwa wa kwanza alitibiwa mapema mwaka 1968. Iliitwa Gamma Knife, yaani kisu cha gamma, ingawa haina makali yoyote. Leksell alikuwa na miaka 60.

Mashine inayotafuta kazi

Kofia hiyo ya kwanza haikutengenezwa kwa ajili ya uvimbe. Matundu yake yalikuwa membamba kama mwanya, ili yaache alama bapa kama kisahani, ya kukatia njia za neva. Leksell alikusudia kutibu maumivu yasiyotibika, mitetemeko ya ugonjwa wa Parkinson, na pia magonjwa ya akili. Hili la mwisho halipaswi kufichwa. Yeye na wenzake walichoma sehemu za ubongo za watu wenye hofu kali na mawazo yasiyokoma, kwanza kwa sindano na baadaye kwa mionzi. Kwa baadhi yao nafuu ilikuwa ya kweli. Hata hivyo tunazungumzia zama ambazo mgonjwa wa akili hakuwa na sauti kubwa katika kuamua nini afanyiwe, na upasuaji wa ubongo kwa ajili ya tabia ulikuwa umeshafanya maovu mengi katika nchi nyingi. Leo tiba hiyo bado ipo katika vituo vichache, chini ya masharti makali.

Kumbe mgonjwa wa kwanza kabisa wa Sophiahemmet hakuwa na tatizo lolote kati ya hayo. Alikuwa na uvimbe karibu na tezi iliyo chini ya ubongo. Na huko ndiko upepo ulikovuma. Katika miaka michache Leksell alikuwa ametibu uvimbe wa neva ya kusikia, na mwenzake Ladislau Steiner akaongoza kazi ya kutibu mafundo ya mishipa ya damu ya ubongo, yale ambayo yakipasuka huua ghafla. Mashine ya pili, iliyowekwa Karolinska katikati ya miaka ya 1970, ilitengenezwa na mihimili ya mviringo inayofaa uvimbe. Maumivu ya uso yalibaki pembeni.

Sababu moja ilikuwa vidonge. Katika miaka ya 1960 iligundulika kwamba karbamazepini, dawa ya kifafa, inatuliza neuraljia ya trijemina kwa wagonjwa wengi, na mpaka sasa ndiyo tiba ya kwanza. Ni vidonge vilevile ambavyo msomaji anaweza kuwa ameviona nyumbani kwa ndugu mwenye kifafa. Sababu nyingine ni Peter Jannetta, daktari kijana wa Marekani, ambaye kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 alifungua fuvu nyuma ya sikio, akautafuta mshipa wa damu unaoilalia neva, na kuweka kijisponji kati yao. Alishikilia kwamba maumivu yanatokana na mshipa huo kuipiga neva kwa kila pigo la moyo mpaka ala yake inachubuka kama waya wa umeme uliochakaa. Alidhihakiwa sana. Sasa inakubalika kwamba kwa wagonjwa wengi alikuwa sahihi. Wengine, wachache, chanzo chao ni uvimbe au ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia ala za neva.

Sababu ya tatu ilikuwa ya Leksell mwenyewe: shabaha. Kupima kutoka kwenye mfupa hakukutosha. Waliojaribu kutibu fundo la neva kwa Gamma Knife walipata nafuu isiyodumu kwa wengi.

Kutoka kwenye juhudi hizo kulitokea ugunduzi wa bahati. Ili fundo lionekane kwenye picha, daktari wa Karolinska aliyefanya kazi na Leksell, Sten Håkanson, alidunga unga wa madini ya tantali karibu nalo, kama alama. Unga huo ulichanganywa na gliserini, ule uteute mtamu unaotumika hata kwenye sabuni na dawa za kikohozi. Wagonjwa walianza kupona kabla ya kupigwa mionzi. Gliserini peke yake ilikuwa ikituliza neva. Mwaka 1981 Håkanson alichapisha njia hiyo, na ikatumika duniani kote kwa sababu inahitaji sindano, eksirei na mkono wenye uzoefu tu. Maandalizi ya mashine ya mamilioni yalikuwa yamezaa tiba isiyohitaji mashine.

Miaka ya mwisho

Leksell alistaafu uprofesa mwaka 1974, lakini hakuacha kazi. Miaka miwili kabla yake, yeye na mwanawe Laurent walikuwa wameanzisha kampuni ya Elekta, ili kutengeneza na kuuza vifaa vyake. Kampuni hiyo ilikuja kuwa kubwa sana. Kuna madaktari ambao hawakupenda mvumbuzi wa tiba awe pia na mkono katika kuiuza, na mjadala huo haujaisha katika udaktari.

Kuenea kwa mashine kulikwenda polepole. Ile ya kwanza ya Sophiahemmet ilipelekwa katika chuo kikuu cha California mjini Los Angeles. Nyingine zilifungwa Buenos Aires mwaka 1984 na Sheffield, Uingereza, mwaka uliofuata. Wapasuaji wengi bado walimwona kama mzee mwenye kifaa cha ajabu. Yeye, akiwa na miaka 77, aliandika juu ya namna ya kuiunganisha fremu yake na MRI, iliyokuwa ndiyo kwanza inaingia hospitalini. Alitambua kwamba kile kilichomkosesha shabaha tangu 1953 kilikuwa kinakaribia kupatikana: picha inayoonyesha neva yenyewe.

Mwaka huo wa 1985 daktari kijana wa Marekani, John Adler, alifika Stockholm kujifunza kwake. Adler alivutiwa, lakini akajiuliza kwa nini lazima kichwa kifungwe kwa skrubu. Aliporudi nyumbani alianza kubuni mashine ambayo mkono wa roboti unamzunguka mgonjwa huku kamera zikifuatilia mahali alipo. Hiyo ndiyo iliyoitwa CyberKnife.

Tarehe 12 Januari 1986 Leksell alikuwa akitembea katika milima ya Alps nchini Uswisi. Alianguka na kufa hapohapo, akiwa na miaka 78. Duniani kote mashine zake zilikuwa bado hazifiki kumi.

Neva ilipoonekana

Kilichofuata yeye hakukiona. Mwaka 1987 Gamma Knife yenye vipande 201 vya kobalti ilianza kazi Pittsburgh, mji uleule alikokuwa Jannetta. Kwa kutumia MRI, wataalamu waliacha kulenga fundo na kuanza kulenga neva yenyewe, karibu na inapoingia kwenye shina la ubongo, kwa mhimili wa milimita 4. Mwaka 1996 vituo kadhaa vya Marekani vilitoa matokeo ya wagonjwa 50, na ikaonekana kwamba waliopata kipimo cha kuanzia gray 70 walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa pungufu. Tangu hapo maumivu ya uso yamekuwa moja ya sababu za kawaida za kumlaza mtu kwenye mashine hiyo.

Kwa mgonjwa, siku yenyewe huwa hivi. Anatiwa ganzi sehemu nne za kichwa, fremu inafungwa kwa skrubu, anapigwa picha ya MRI, kisha anasubiri wakati daktari na mwanafizikia wakipiga hesabu. Baada ya hapo analala, hasikii kitu, hasikii joto. Jioni yuko nyumbani. Maumivu hayakatiki siku hiyo. Kwa wengi nafuu huja baada ya wiki kadhaa, wengine miezi, na wakati huo wanaendelea na vidonge. Anayeahidiwa kupona kesho yake amedanganywa. Wapo wanaobaki na ganzi sehemu ya uso, na hilo huongezeka tiba ikirudiwa. Maana hurudiwa: kwa wagonjwa wengi maumivu hutulia kwa miaka halafu yakarejea, na mionzi inaweza kutolewa mara ya pili kwa kipimo kidogo zaidi.

Kwa hiyo haikuiua njia ya Jannetta. Mtu mwenye afya nzuri, ambaye MRI inaonyesha mshipa ukiilalia neva, mara nyingi bado hushauriwa upasuaji, kwa kuwa nafuu yake huja haraka na hudumu zaidi. Mionzi inamfaa zaidi mzee, mwenye ugonjwa wa moyo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au aliyefanyiwa upasuaji na maumivu yakarudi.

Katika Afrika, Cairo imekuwa na Gamma Knife kwa miaka mingi. Afrika Mashariki ilikuja kupata ile ya Adler: hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, nje kidogo ya Nairobi, imefunga CyberKnife katika miaka ya karibuni. Sehemu kubwa ya kazi ya mashine kama hiyo ni saratani, na gharama yake iko mbali na mfuko wa mwananchi wa kawaida asiye na bima. Kwa mgonjwa wa maumivu ya uso wa Tabora au Bukavu, safari bado huanza mahali palepale ilipoanzia kwa wagonjwa wa Olivecrona: kwenye kiti cha daktari wa meno, ambaye kabla ya kushika koleo anaweza kuuliza kama maumivu huja kama umeme, kama huamshwa na kunawa uso, na kama hukaa upande mmoja tu.